Taa Zinazocheza Ukutani: Kinachopita Ndani ya Waya

Mti wa kwanza wa Krismasi unaojulikana kuwashwa kwa umeme ulikuwa tayari unacheza. Mwezi Desemba 1882, Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliusimamisha nyumbani kwake New York ukiwa na balbu 80 nyekundu, nyeupe na buluu, juu ya kitako kilichozungushwa kwa umeme, na kadiri mti ulivyozunguka ndivyo mafungu ya balbu yalivyokuwa yakizimika na mengine kuwaka. Johnson alilazimika kuzungusha mti mzima. Anayejenga onyesho la taa nyumbani kwake leo hazungushi chochote: taa zimebanwa ukutani na kwenye kingo za paa, hazisogei hata kidogo, na bado mpita njia ataapa kwamba ameona theluji ikianguka, moto ukipanda ukutani, au nyota ikivuka paa kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Maelekezo mengi ya kazi hii huanza na orodha ya vifaa vya kununua, na msomaji huishia kumiliki boksi la waya asizojua zinafanya nini. Mimi naona ni afadhali kuanza na jambo moja ambalo likieleweka mengine hujipanga: ndani ya kebo ileile nyembamba inayopita kwenye taa hizi husafiri vitu viwili, umeme na amri. Umeme huipa taa nguvu ya kuwaka, na amri huieleza iwake rangi gani, kwa ukali gani na kwa muda gani. Vitu hivi viwili hufuata kanuni tofauti, huharibika kwa namna tofauti na hutengenezwa kwa namna tofauti. Karibu kila hitilafu iliyonikesha kwenye ukuta wa nyumba yetu Arusha ilitokana na kutafuta kosa la umeme kwenye njia ya amri, au kinyume chake.

Kwanza, mwendo wenyewe. Mwaka 1912 mwanasaikolojia Max Wertheimer alichapisha utafiti kuhusu namna jicho linavyoona kitu kikihama pale ambapo kwa kweli alama moja imezimika na nyingine imewaka kando yake. Kwenye taa jambo hili lina sharti ambalo wengi hulivumbua kwa bahati mbaya. Chukua mstari wa taa, uzigawe katika makundi mawili yanayopokezana: la kwanza, la pili, la kwanza, la pili. Taa inapozimika, jirani wa kulia na jirani wa kushoto huwaka kwa pamoja na kwa umbali uleule, kwa hiyo jicho halina sababu ya kuchagua upande na huona kupepesa tu. Ongeza kundi la tatu. Sasa taa iliyozimika ina jirani mmoja wa karibu aliyewaka, na mwingine aliye mbali mara mbili ya huyo upande wa pili. Jicho humfuata wa karibu, na mwendo hupata mwelekeo. Ndiyo maana taa za kukimbizana zilizokuwa zikizunguka milango ya majumba ya sinema zilihitaji angalau saketi tatu.

Kwa miaka mingi onyesho la nyumbani lilikuwa ni kuongeza idadi ya makundi hayo. Carson Williams, mhandisi wa umeme wa mji wa Mason katika jimbo la Ohio, ambaye video ya nyumba yake ikicheza na muziki ilisambaa dunia nzima mwaka 2005, alikuwa na taa zipatazo 16,000, lakini njia za kuziendesha zilikuwa 88 tu, idadi ileile ya vibonye vya piano. Yaani kila njia iliwasha au kuzima zaidi ya taa 180 kwa mkupuo. Taa hizo zilikuwa za kawaida za kuchomekwa kwenye soketi, na kila fungu lilipitia swichi ya kielektroni iliyotii kompyuta. Swichi ya aina hiyo hufifisha taa kwa kukata sehemu ya wimbi la umeme: husubiri wimbi lipite kwenye sifuri, huchelewa kidogo, kisha hufungua, na kadiri inavyochelewa ndivyo taa inavyofifia. Katika umeme wa Afrika Mashariki wenye mizunguko 50 kwa sekunde, sifuri hiyo hupitiwa kila baada ya milisekunde 10. Huko Marekani, kwenye mizunguko 60, ni milisekunde 8.3. Tofauti hiyo inaweza kurekebishwa. Isiyorekebishika kwa urahisi ni volti. Taa zilizotengenezwa kwa volti 120 hazichomekwi kwenye volti 230 za Tanzania wala 240 za Kenya, na ndugu aliyetuma boksi la taa za dukani kutoka Minnesota ametuma zawadi itakayowaka mara moja.

Leo wajenzi wengi wameachana na mafungu na kuhamia kwenye pikseli. Pikseli ni taa ndogo yenye LED tatu ndani yake, nyekundu, kijani na buluu, pamoja na chipu ya kuziendesha, nazo zinazopatikana kwa wingi ni za chipu WS2811 na WS2812B. Kila rangi hupewa namba kati ya 0 na 255, hivyo pikseli moja hupokea namba tatu, ambazo ni biti 24 (biti ni alama moja tu, sifuri au moja), na inaweza kutoa michanganyiko ya rangi zaidi ya milioni 16. Nyumba ile ya Mason ilikuwa na njia 88. Nusu mti wa pikseli 800, unaobandikwa ukutani kwa nyuzi 16 zenye taa 50 kila moja na kutosha kwenye ukuta wa nyumba ya vyumba vitatu, una njia 2,400.

Hapa ndipo watu huuliza, na wana haki ya kuuliza, inawezekanaje taa 800 kupata amri 800 tofauti wakati kila uzi una waya tatu tu: chanya, hasi, na mmoja wa amri. Jibu liko darasani. Mwalimu anapogawa karatasi za mtihani kwa dawati refu, humpa mwanafunzi wa kwanza rundo zima. Huyo huchukua karatasi ya juu na kumpitishia mwenzake zilizobaki, naye huchukua ya juu na kupitisha, hadi mwisho wa dawati. Pikseli hufanya hivyohivyo. Kontrola, yaani kifaa kidogo kinachotoa amri, hutuma mfululizo wa namba, pikseli ya kwanza hujichukulia biti 24 za mwanzo na kuzisukuma mbele zinazofuata, na ya pili hujiona kana kwamba yenyewe ndiyo ya kwanza. Hakuna taa inayojua namba yake, inajua zamu tu.

Kutokana na hilo mambo mawili hufuata. La kwanza ni kwamba amri ina upande wa kuingilia na wa kutokea, ndiyo maana kwenye mikanda ya taa huchorwa mishale midogo. Ukiunganisha kinyume hakuna kitakachowaka, ingawa umeme unafika vizuri, kwa kuwa umeme wenyewe haujali unaingilia upande gani wa mkanda. La pili ni kwamba pikseli moja ikifa, zote zilizo baada yake hukosa karatasi zao. Fundi asiyejua hubadilisha taa ya kwanza iliyo gizani na kushangaa giza likibaki palepale. Mara nyingi mgonjwa ni yule aliyetangulia, anayewaka vizuri kabisa lakini mlango wake wa kutolea amri umekufa. Mimi siku hizi hukata zote mbili kwa pamoja, kwani taa moja nzima iliyotupwa bure ni nafuu kuliko kupanda ngazi mara mbili.

Amri hizi ni za haraka mno. Kila biti huchukua takribani mikrosekunde 1.25, na mikrosekunde moja ni sehemu moja ya milioni ya sekunde; tofauti ya sifuri na moja ni muda ambao waya hubaki na volti juu kabla ya kushuka: takribani mikrosekunde 0.4 kwa sifuri na 0.8 kwa moja. Pikseli moja basi hula mikrosekunde 30. Zote 800 zikiwa kwenye mstari mmoja, picha moja kamili hutumia milisekunde 24, na kwa sekunde zinapita picha 40 hivi, kiasi kinachotosha macho. Ukiongeza taa hadi 3,000 kwenye mstari huohuo, picha hushuka hadi 11 kwa sekunde na mwendo huanza kukatakata. Kwa hiyo kontrola nzuri hutumia milango kadhaa kwa wakati mmoja, kila mlango na uzi wake.

Sasa niseme nilivyoumbuka. Mti wangu wa kwanza ulitetemeka. Taa zilipepesa rangi ambazo sikuwa nimeziomba, na zaidi usiku kuliko jioni. Nilibadilisha pawa saplai, kile kifaa kinachoshusha umeme wa soketi hadi volti 5 za taa, nikalaumu taa za bei nafuu, nikafungua na kufunga programu mara kadhaa. Kosa lilikuwa dogo, tena la njia ya amri. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi au kontrola ya ESP32 hutoa amri kwa volti 3.3, ilhali WS2812B inayolishwa volti 5 hutarajia asilimia 70 ya volti hizo, yaani 3.5, ndipo ikubali kwamba imesikia moja. Amri yangu ilikuwa ikinong’ona mahali panapotakiwa kusema. Wakati mwingine taa ilisikia, wakati mwingine ilibahatisha. Chipu ndogo ya kupandisha volti, kama 74AHCT125, iliyowekwa kati ya kontrola na taa ya kwanza, ilimaliza kelele zote. Jamaa mwingine mwenye dalili hizohizo alikuta tatizo jingine: alikuwa amelisha taa kwa pawa saplai moja na kontrola kwa adapta nyingine, kisha akaunganisha waya wa amri peke yake. Volti hupimwa kutoka mahali fulani. Kama hasi za vifaa viwili hazijaunganishwa, taa haina pa kupimia, na inachosikia ni upepo. Kanuni yake ni fupi: hasi zote za mfumo ziunganishwe pamoja, lakini chanya za pawa saplai tofauti ziachwe mbalimbali.

Umeme ndio wenye hesabu nyingi zaidi, na ndio unaochoma nyumba. Pikseli ya volti 5 ikiwaka nyeupe kwa ukali wake wote hula takribani ampea 0.06. Zidisha kwa 800 upate ampea 48, ambazo ni wati 240. Ukizichukulia kama wati ni kidogo, kwani pasi ya kunyooshea nguo hula zaidi ya mara nne ya hizo. Kinachotisha ni ampea, kwa sababu upotevu ndani ya waya hufuata ampea. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule uliozoeleka kwenye saketi za taa za nyumbani, uuvute mita 5 kutoka pawa saplai hadi kwenye taa. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 10 za shaba, zenye ukinzani wa omu 0.12 hivi. Pitisha ampea 10, na volti 1.2 zimepotea njiani. Kwenye soketi ya volti 230 hakuna atakayegundua. Kwenye volti 5 umebaki na 3.8, karibu robo imeishia kupasha waya joto.

Hasara hiyo ina rangi yake, na hili ndilo jambo ninalopenda kumwonyesha mtu anayeanza. Washa uzi mrefu wa volti 5 uwe mweupe wote, kisha utembee nao kutoka mwanzo hadi mwisho. Taa za mwanzo ni nyeupe. Katikati zinaanza kuwa za rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, na mwishoni ni za machungwa yanayoelekea wekundu. Hakuna aliyeomba machungwa. LED ya buluu na ya kijani huhitaji volti karibu 3 ili ziwake vizuri, nyekundu hutosheka na 2 hivi. Volti zinapopungua buluu hufifia kwanza, kijani hufuata, nyekundu hubaki. Kwa hiyo ukiona weupe unaoungua kuelekea mwisho wa uzi, usiguse programu. Amri imefika salama, umeme ndio umechoka njiani. Tiba yake ni kuingiza umeme upya, yaani kuvuta waya wanene kutoka pawa saplai na kuunganisha chanya na hasi mwisho wa uzi au kila baada ya taa 100 hivi, bila kugusa waya wa amri. Njia nyingine ni kutumia taa za volti 12, ambapo wati zilezile hubebwa na ampea chache. Mikanda ya volti 12 ya WS2811 kwa kawaida hufunga taa tatu, kila moja na rangi zake zote, kwenye chipu moja, kwa hiyo zote tatu huwaka kama taa moja, na picha hupoteza umakini.

Tiba ya bei nafuu kuliko zote ni kupunguza mwanga. Jicho la binadamu halihesabu mwanga kwa mstari ulionyooka: namba 128, ambayo ni nusu ya 255, huonekana kwa macho kama robo tatu hivi ya ukali wote. Mimi huendesha mti mzima kwa asilimia 30, majirani hawajawahi kulalamika kwamba ni hafifu, na zile ampea 48 zimeshuka hadi 14 na kidogo. Kwa saa nne kila usiku, pamoja na upotevu wa pawa saplai, mwezi mzima wa sikukuu haufiki hata uniti 12 za umeme.

Hata hivyo, pawa saplai yenye uwezo wa ampea 60 inabaki kuwa na ampea 60. Watu huzoea kwamba volti 5 hazimrushi mtu, na ni kweli. Unaweza kushika waya zote mbili kwa mikono mikavu usihisi kitu. Lakini waya mwembamba wa taa ukikatika ganda na chanya ikagusa hasi, pawa saplai kubwa inaweza kusukuma ampea nyingi kwenye waya usioweza hata sehemu ndogo ya hizo, na waya huo utakuwa kama koili ya jiko la umeme. Breka ya kuvuja umeme ya miliampea 30, ambayo ni lazima iwepo upande wa soketi kwa ajili ya chochote kilicho nje ya nyumba, haitaona kitu, kwa sababu umeme huo hauvuji kwenda ardhini bali unazunguka ndani ya mfumo wako. Kinachookoa ni fyuzi ndogo kwa kila tawi, iliyowekwa karibu na pawa saplai, yenye kiwango kisichozidi uwezo wa waya unaoifuata. Mimi hutumia fyuzi za magari za ampea 5, zinapatikana kila duka la vipuri.

Mvua nayo haisubiri Januari. Pawa saplai zile za bati lenye matundu hazikuumbwa kukaa nje. Zinahitaji boksi lililofungwa, likiwa juu ya ardhi, na kila kebo inayoingia ipindwe chini kwanza, ifanye kijipindo kama cha ndoana kabla ya kupanda kwenye tundu, ili maji yadondoke kwenye kijipindo badala ya kufuata waya hadi ndani. Upande wa volti 230 apewe fundi umeme. Sisemi hivi kwa adabu tu.

Baada ya hapo kazi inayobaki ni ya mezani. Programu inayotumika sana ni xLights, isiyouzwa, ambayo humruhusu mtu kupakia picha ya nyumba yake, kuchora juu yake kila uzi mahali ulipo, kisha kupanga onyesho kwenye jedwali ambalo mistari yake ni vitu vilivyo ukutani na safu zake ni muda. Matokeo huandikwa kama namba tupu: namba 2,400 kwa kila picha, picha 40 kwa sekunde, hivyo wimbo wa dakika tatu hutoa faili la megabaiti 17 hivi, dogo kwa kadi yoyote ya memori. Kompyuta ndogo iliyo kwenye boksi husoma namba hizo kwa mpangilio na kuzirusha, huku ikipiga muziki.

Mtego ulio hapa ni wa mapigo. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika ni rahisi: kila pigo ni nusu sekunde, yaani picha 20 kamili. Nyimbo nyingi za kuchezeka zina mapigo 128, na pigo moja linakuwa picha 18.75. Anayekadiria 19 kwa kila pigo na kuinakili hadi mwisho atakuwa amechelewa robo picha kila pigo, na baada ya dakika moja taa zitakuwa nyuma ya ngoma kwa sekunde 0.8, kama mpiga makofi asiyejua wimbo. Alama za mapigo ziwekwe kwa kusikiliza muziki wenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho. Na spika ya Bluetooth isitumike, kwa kuwa huchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, ukadhani umepanga vibaya.

Wamarekani wengi hukwepa spika kabisa na kurusha muziki kwa kisambazi kidogo cha FM, watazamaji wasikilize ndani ya magari. Sheria yao inaruhusu mawimbi hafifu yanayofika kama mita 60. Ruhusa hiyo haivuki bahari: masafa ya Tanzania yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, ya Kenya chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na wao ndio wa kuulizwa kwanza.

Kabla ya kufungua pazia, uwashe ukuta wote uwe mwekundu. Uzi utakaojibu kwa kijani si mbovu; WS2812B hupokea kijani kwanza, nyingi za WS2811 hupokea nyekundu, na programu inahitaji kuambiwa ni ipi. Kisha uwashe nyeupe kwa ukali utakaotumia, upande na multimita, upime volti kwenye taa ya mwisho ya kila uzi. Ikisoma 4.5 au zaidi, shuka ngazi. Ikisoma 3.9, haijalishi wimbo uko tayari na watoto wameshavaa, hapo pana waya wa kuongeza.